Chinu si kitu kilichoharibika

Haya niliyasema Jumamosi moja jioni katika ukumbi mdogo hapa Mtwara mjini, mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari na wazee waliokuja kusindikiza wajukuu. Nimeyaandika kutoka kwenye daftari langu, nikaongeza kidogo pale ambapo siku ile saa ilinibana.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanangu mnaosoma, habari za jioni. Niliombwa nizungumzie lugha za Kibantu, sauti zake, muundo wake na namna zinavyopangwa katika makundi. Mzigo huo ni mzito kama gunia la korosho ghafi. Nitaufungua kwa upande mmoja tu, upande uliowahi kuniuma.

Nilikuwa darasa la tatu, katika shule moja kule uwanda wa juu, Newala. Mwalimu akainua chaki, akauliza hiki ni nini. Jina la chaki likanipotea kichwani, nikasema, "Ni chinu cha kuandikia." Darasa zima likaangua kicheko. Nikala viboko viwili. Nilipokua nikawa nawatania watu kwamba kimoja kilikuwa cha "chi" na cha pili kilikuwa cha "nu". Mwalimu akaniambia, "Sema kitu. Acha kuharibu Kiswahili." Nikarudi nyumbani naamini kwamba baba yangu, mama yangu na kijiji chetu chote tunazungumza Kiswahili kilichoharibika.

Imani hiyo bado inatembea mitaani. Ukikaa kituo cha mabasi utamsikia kijana akisema Kimakonde ni Kiswahili kilichopinda, au Kimwera ni Kiswahili cha mashambani, au kwamba Kiswahili ndiyo lugha na zilizobaki ni vilugha. Leo nimekuja kubishana na maneno hayo, na ushahidi wangu ni neno dogo lile lile lililonipatia viboko.

Humu ukumbini nawaona watu wa kila pembe ya kusini. Nikiwauliza mmoja mmoja "mtu" ni nani kwao, Mmakonde atasema munu, na wengi ni vanu. Mwera, Yao na Matumbi watasema mundu. Wingi mmoja atauanza kwa b, mwingine kwa w, lakini ni kitu kimoja. Mmakua atasema mutthu, wingi atthu, na hapo kwenye tth ulimi unajikunja kidogo na pumzi inatoka. Sasa nikiuliza "kitu", Mmakonde anasema chinu, Myao anasema chindu, Mmakua anasema etthu. Bibi mzaa mama yangu alikuwa Mmakua wa Masasi, kwa hiyo mimi nimekua na chinu mezani na etthu jikoni.

Tutoke nje kidogo. Nenda Kampala, mtu ni omuntu, watu ni abantu, na kitu ni ekintu. Nenda Durban, Mzulu anasema umuntu, abantu. Wasotho wanasema motho, batho. Wangazija, majirani zetu wa baharini, wanasema mndru, wandru.

Wanafunzi, tazameni mzizi. Waganda na Wazulu wanao -ntu, kamili, n na t zote zipo. Myao na Mmwera wanayo n, lakini t imelainika baada ya king'ong'o, yaani sauti ya puani kama n, ikawa d: -ndu. Mmakonde ameibakiza n, t imezama: -nu. Mmakua ameitupa n, akaacha pumzi: -tthu. Je, Mswahili? Mswahili naye ameitupa n! Mtu, kitu, utu. Wanaisimu wanaolinganisha lugha hizi wanakubaliana kwamba mzizi wa zamani ulikuwa -ntu. Basi kama kuharibu ni kuangusha sauti, mwalimu wangu aliangusha n na mimi niliangusha t. Tulistahili kuchapwa wote wawili, na mwenye haki ya kushika fimbo angekuwa Mganda.

Na hiyo n iliyoanguka katika Kiswahili haikuondoka bila kuaga. Ukiwa na rafiki wa Mombasa au Lamu, mwombe aseme paa mnyama, halafu paa la nyumba. Sikiliza vizuri: yule mnyama anatoka na pumzi nyingi mdomoni, la nyumba halina pumzi. Vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Yule mnyama zamani alikuwa na king'ong'o mbele ya p, kwa kuwa yumo katika ngeli ya N, ngeli ya mbuzi na ng'ombe. King'ong'o kikapotea, pumzi ikabaki. Kiswahili tunachofundisha shuleni hakiiandiki tofauti hiyo, ila masikio ya watu wa pwani ya kaskazini bado yanaishika.

Jina lenyewe "Bantu" limetoka hapo hapo kwenye neno watu. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Natal na Rasi ya Tumaini Jema huko kusini, alikuwa akilinganisha lugha hizi, akaona karibu zote zina neno la namna hii, akalitumia kuwa jina la familia nzima katika kitabu chake cha 1862. Baadaye watawala wa ubaguzi kule Afrika Kusini walilichukua jina hilo wakalifanya la rangi ya ngozi, wakatunga hata sheria ya elimu ya Wabantu mwaka 1953. Ndiyo maana ukimwita mtu wa kule Mbantu anaweza kukukunjia uso. Kwetu sisi hapa ni jina la lugha, na nitalitumia hivyo.

Njooni sasa kwenye jina la mji wetu. Wazee wengi husimulia kwamba Mtwara imetokana na kutwala, yaani kuchukua. Mimi simo katika ugomvi wa nani alichukua nini na kwa nani; kila mtaa una hadithi yake. Ninachokipenda ni kitenzi chenyewe. Wamakonde tunasema kutwala. Waganda wanasema okutwala. Wanyarwanda wanasema gutwara. Wazulu wanasema ukuthwala, kujitwika mzigo. Kiswahili kinasema nini? Kutwaa. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa," kila mmoja wetu ameyasikia msibani. L imekwenda wapi?

Imeanguka. Hili ni jambo ambalo Kiswahili kimelifanya mara nyingi sana, karibu bila huruma: l ya zamani iliyokaa kati ya irabu mbili, hasa mwishoni mwa neno, imepotea. Wanyanja wa Malawi wana njala, sisi tuna njaa. Wazulu wana indlala. Wamakonde wana indila, Wanyanja njira, sisi njia. Mvua kwa Mzulu ni imvula. Mguu kwa Mganda ni okugulu. Kuvaa kwa Mnyanja ni kuvala. Ukiwa mgeni wa Kinyanja, nusu ya kazi ya kukielewa ni kuirudisha l mahali pake.

Lakini tamu yenyewe ni kwamba huhitaji kwenda Malawi kuitafuta. L imejificha ndani ya Kiswahili chako. Mtoto amezaa? Hapana, mtoto amezaliwa. L imetoka wapi, wakati kitenzi ni zaa? Kaa, lakini kalia kiti. Vaa, lakini amevalia kanzu. Chukua, ikachukuliwa. Pokea, zikapokelewa. Twaa, ametwaliwa. Ile l ilianguka ilipokuwa mwishoni mwa mzizi na imebanwa na a. Ilipofuatwa na kiambishi kingine ikang'ang'ania. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na vitabu vingi tulivyotumia viliwaambia watoto kwamba l "inaongezwa" wakati wa kunyambulisha. Haiongezwi. Ilikuwapo tangu zamani, na bibi yako Mmakonde anaitamka kila siku bila kujua kwamba amehifadhi kumbukumbu ya lugha ya taifa.

Nitapita haraka kwenye irabu, ingawa kuna fundo moja pale sitaki kuliruka. Kiswahili kina irabu tano, Kimakonde tano, Kiyao tano. Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na saba, na ukitaka kuzisikia saba hizo huhitaji pasipoti. Panda gari hadi Kipatimu, wilaya ya Kilwa, uwasikilize Wamatumbi. Mmarekani David Odden aliandika kitabu kizima kuhusu sauti na maumbo ya Kimatumbi, kilichotoka 1996, na wanafunzi wa isimu wa mbali wanajua habari za Kipatimu ambazo kijana wa Lindi mjini hazijui.

Fundo lenyewe ni hili. Kutoka pika tunapata mpishi. K imekuwa sh. Kutoka linda, mlinzi. Penda, mpenzi. Fuata, mfuasi. Lewa, mlevi. Inaonekana ile i ya mwisho ina ukali, inaichoma konsonanti iliyo mbele yake. Sawa. Basi mbona tunasema nipikie chai na si nipishie chai? I ni i, k ni k. Nilihangaika na swali hili hadi nilipoelewa habari ya irabu saba: hizo ni i mbili tofauti. I ya mpishi ni ile ya juu kabisa, kali. I ya pikia ilikuwa chini yake kidogo, laini. Kiswahili kilipozichanganya zikawa moja, ile kali ilikuwa imeshamaliza kuchoma. Alama zimebaki, kisu hakipo. I kali hiyo hiyo ndiyo iliyogeuza waka kuwa washa.

Toni. Hapa Kiswahili ndicho kilichopoteza, na vilugha ndivyo vilivyotunza. Lugha nyingi za Kibantu, zikiwamo karibu zote za kusini hii, hupandisha na kushusha sauti, na kupanda huko kuna maana. Kinyanja kina neno mtengo lenye maana ya mti, na mtengo lenye maana ya bei. Herufi ni zile zile, sauti ndiyo inayotenganisha. Katika Kimakonde, nyakati za kitenzi zinategemea sana mahali sauti inapopanda. Zaidi ya hapo, Mmakonde huivuta silabi ya pili kutoka mwisho: haachi munu, anasema muunu. Akija kwenye Kiswahili anakuja na mvuto wake: habaari za asubuuhi. Watu wa Dar es Salaam huigiza hivyo wakitutania. Wacha watanie. Mkazo wao wenyewe upo kwenye silabi ile ile ya pili kutoka mwisho. Sisi tunauvuta tu kwa nafasi.

Tatizo la toni ni kwamba herufi za kawaida hazina mahali pa kuiweka. Wamisionari walioziandika lugha zetu mapema hawakuipata vizuri. Na waliziandika mapema kuliko mnavyodhani: Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870 na cha Kiyao mwaka 1871, na Chauncy Maples, aliyekaa Masasi, alitoa cha Kimakua mwaka 1879. Ukisikia mtu anasema kilugha hakiandikiki, mkumbushe miaka hiyo. Aliyeondoka na sauti zenyewe ni Karl Weule, Mjerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akibeba fonografu, akinasa nyimbo za babu zetu kwenye mitungi ya nta. Herufi haikuweza, nta iliweza.

Kimakua ndicho kinachonishangaza kuliko vyote, na sisemi hivyo kwa sababu ya bibi yangu tu. Chukueni maneno haya jinsi yanavyoandikwa Msumbiji, mkijua kwamba Masasi na Nanyumbu yanaweza kusikika tofauti kidogo. Nyumba ni enupa. Mbuzi ni epuri. Nyoka ni enowa. Nyama ni enama. Wingi weka i badala ya e: inupa, ipuri, inowa. Mara ya kwanza mtu husema hii si ndugu yetu, hii imetoka mbali. Tulia. Katika enupa, mb ya nyumba imekuwa p. Katika epuri, mb ya mbuzi imekuwa p. Kimakua hakipendi king'ong'o kilichoshikana na konsonanti, na hakina b wala d wala g za kwetu. Katika enowa, k imepotea. Na t? Moto ni moro, mti ni mwiri, mtima ni murima, tatu ni -raru. Kila mara t ya zamani, r ya Kimakua. P ya zamani nayo imekuwa v: kupa ni ovaha, na ile pa ya mahali imekuwa va. Hakuna fujo hapo hata chembe. Kuna utaratibu mkali kuliko wa jeshi, ila unahitaji kujua nani amebadilishana nafasi na nani.

Kimakua kina hata sheria ya sauti yenye jina la Mwafrika. Wanaisimu wana tabia ya kuzipa kanuni majina ya watu: kuna ya Meinhof, kuna ya Dahl aliyekuwa mmisionari Unyamwezini. Na ipo Sheria ya Katupha, kwa jina la msomi wa Msumbiji José Katupha, inayosema kwamba mzizi mmoja wa Kimakua haupendi kubeba konsonanti mbili zenye pumzi; ya kwanza huiacha pumzi yake. Wanafunzi wangu, huyo ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma tu, na jina lake limo katika vitabu vya isimu vya dunia nzima.

Muundo sasa. Nyote mmesoma ngeli mkazichukia, kwa hiyo sitazirudia. Nawaomba tu mfungue ramani ya mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi. Chikundi, Chiungutwa, Chidya. Lukuledi, Lulindi, Luagala. Lisekese, Likombe, Liwale. Mikindani. Masasi, Mahuta. Sisemi kila jina linaloanza na Li limebeba kiambishi; majina ya mahali ni wakaidi. Lakini ukiyatazama kwa pamoja unaona ngeli za Kibantu zimekaa kwenye vibao vya barabarani. Chi ni ile ki ya Kiswahili, iliyosogea mbele mdomoni kwa kuvutwa na i. Ndiyo ya chinu, ndiyo ya Chimakonde na Chiyao. Kiswahili chenyewe kinafanya hivyo kikikutana na irabu: hatusemi kiakula, tunasema chakula. Ng'ambo ya mto wanasema Shimakonde, wamesogea hatua moja zaidi.

Lu ni ile u ya ulimi. Kwa Myao na Mmakonde, ulimi ni lulimi. Mnaiona l iliyoanguka tena? Na Li ndiyo ngeli ya jino na embe, ambayo katika nomino za Kiswahili imefifia kabisa, lakini jaribu kusema "jino limeng'oka" au "embe lile" bila hiyo li. Kiambishi kimekufa kwenye jina, kinaishi kwenye vifuasi vyake. Kusini hapa kinaishi kote kote. Halafu kuna Na: Nachingwea, Nanyumbu, Nanyamba, Naliendele, Nanguruwe. Kiambishi hicho Kiswahili hakina, na ndicho kinachomfanya mgeni ajue amefika kusini kabla hajaonja ming'oko.

Kuna jingine dogo. Kimakonde na Kiyao vina "ka" ya kudogosha, na wingi wake ni "tu". Kiswahili sanifu kiliiacha, kikampa kazi hiyo ki: kijito, kitoto. Mwalimu akikuta katoto au kanyumba kwenye insha ya mwanafunzi anachora mstari mwekundu. Sikilizeni vijana mtaani: kameza, kagari, kahela kidogo. Ka inarudi kupitia mlango wa nyuma, na mimi kalamu yangu nyekundu nimeanza kuionea haya.

Kinachotufanya sote kuwa ndugu zaidi ya maneno ni ule upatanisho. Vitu viwili vimevunjika: vi, vi, vi, kama watoto waliovaa sare. Mmakonde naye: vinu vivili. Na kitenzi kinachobeba sentensi nzima mgongoni. Hatutawapikia: kukanusha, nani anayehusika, lini, anayefanyiwa, kitendo, na kwamba ni kwa faida yake, yote katika neno moja. Na ile tabia ya kusema limia lakini somea, pigia lakini semea, ambapo irabu ya kiambishi inaitazama ya mzizi kwanza kabla ya kujitokeza, Kimakonde kinayo, Kiyao kinayo.

Hapo ndipo baba mmoja aliyekaa mstari wa mbele aliponyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, tumesikia kwamba Kiswahili ni nusu Kiarabu. Wewe unakiweka na Kimakonde?" Nilimshukuru, kwa sababu lilikuwa halimo kwenye daftari langu.

Nikamjibu hivi. Maneno hukopwa kama sukari kwa jirani. Kukopa sukari hakukufanyi kuwa mtoto wa jirani. Kitabu ni neno la Kiarabu na ki yake ni sehemu ya neno lenyewe kule kwao, si kiambishi. Mswahili alipolipokea akasikia ki, akasema basi wingi ni vitabu. Aliyefanya hivyo alikuwa anafikiri Kibantu. Hata namba: sita, saba na tisa ni za Kiarabu, lakini za zamani hazikutoweka zote. Sita ilikuwa tandatu. Tisa ilikuwa kenda, na wazee wa pwani wanaijua. Na saba? Maharusi wanapokaa ndani siku zile baada ya ndoa tunasema wako fungate. Fungate ni saba. Tunaitumia kila harusi bila kujua tunahesabu. Wenzetu Wayao na Wamakua wala hawakukopa: wakifika tano wanasema tano na moja, msano na jimo kwa Kiyao, thanu na mosa kwa Kimakua.

Basi makundi. Mwingereza Malcolm Guthrie, profesa wa London, mwaka 1948 alizigawa lugha za Kibantu katika kanda alizozipa herufi, kuanzia A kule Kameruni hadi S kule Afrika Kusini, na kila lugha ikapata namba. Sisi ni P. Kimatumbi P13, Kingindo P14, Kiyao P21, Kimwera P22, Kimakonde P23, Kimakua P31. Kiswahili cha Unguja na Mvita ni G42, chumba kingine kabisa. Namba hizo zinatumika hadi leo, kwa sababu ni rahisi kama namba za nyumba. Lakini namba ya nyumba haikuambii nani ni mtoto wa nani. Guthrie alifuata sana jiografia. Waliokuja baada yake, wakipima mabadiliko ya sauti kama haya tuliyoyachezea leo, wanawaweka Kimakonde, Kiyao, Kimwera na Kimatumbi pamoja, wakimwacha Kimakua asimame kando yake mwenyewe. Wengine wamemtazama mpaka kwa Wasotho, wale wa motho na batho, ambao nao wamekitupa king'ong'o. Ubishi huo haujafungwa.

Na Kiswahili? Ndugu zake wa tumbo moja ni Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Kundi hilo linaitwa Sabaki, kwa jina la mto ulioko Kenya. Kimakonde si mtoto wake wala si mdogo wake. Ni binamu, na mabinamu hawaulizani nani amemharibu nani. Wote wanamfuata babu mmoja anayetafutwa huko mpakani mwa Nigeria na Kameruni, miaka kati ya 4000 na 5000 iliyopita. Guthrie yeye alidhani kitovu kiko karibu na Katanga. Mmarekani Joseph Greenberg akambishia: jamaa wa karibu wa Kibantu, kama Kitivi, wako Nigeria, na kule ndiko lugha hizi zinakotofautiana zaidi, kwa kuwa mahali watu walipokaa kwa muda mrefu ndipo wanapokuwa wameachana zaidi. Wengi wamemfuata Greenberg.

Hapa kwetu, lugha zote za asili za mikoa hii miwili ni za Kibantu. Wafugaji wa Kibarbaig waliohamia Lindi miaka ya karibuni wamekuja na lugha ya Kinilotiki, kwa hiyo sasa mtoto wa Nachingwea anaweza kusikia familia mbili za lugha mnada mmoja. Mimi namwonea wivu.

Nina jambo lisilokaa sawa, nitawaachia. Nne ya Kibantu cha zamani ndiyo iliyozaa nne ya Kiswahili. Lakini Myao anasema mcheche, Mmakonde ncheche, Mmakua sheshe. Kama Kimakua kiko kando, neno hili wamelipata wapi pamoja? Nani alimkopesha nani, sokoni gani, ng'ambo ipi ya Ruvuma?

Wanafunzi, kazi ya wiki ijayo ni hii. Kila mmoja aende kwa bibi au babu, aulize maneno matano: njaa, njia, mvua, mguu, ulimi. Aandike anachosikia, si anachodhani kilipaswa kusemwa. Tazameni l iko wapi na haiko wapi. Watakaoleta maneno yanayofuata kanuni, nitawapa pongezi. Atakayeleta neno moja linalokataa kanuni yangu, huyo nitamnunulia soda, na nitakaa naye mpaka jua lizame.